Arja wa Kikosi cha Kuni

Kwa miaka mingi watu walimuuliza Arja Hyttinen kazi yake ni ipi hasa, na kila mara jibu lilimshinda. Hakuona haya. Ni kwamba kazi yenyewe ilibadilishwa jina kila alipokaribia kuizoea.

Alipoingia Gereza la Korpivaara, mwanawe akiwa bado ananyonya, aliitwa mlinzi. Alipewa shada la funguo lililomvutia mkanda chini, akaambiwa asizungumze na wafungwa ila kwa lazima. Alitembea koridoni, akachungulia vitundu vya milango, akahesabu vichwa. Kisha akaja mkuu mpya aliyesema kuwa mlinzi asiyejua jina la mama wa mfungwa hajui kulinda. Wakaambiwa wakae na wafungwa, wanywe nao kahawa, wacheze nao karata, wawasikilize. Arja akajifunza kukaa. Haikuwa rahisi, maana kwao Kainuu, mkoa wa misitu na baridi, watu hawakai na mtu kabla hawajajua wamekaa kwa sababu gani. Alipoizoea hiyo nayo, zikaja kompyuta ndogo ndani ya kila selo. Anayetaka daktari, anayetaka godoro jingine, anayetaka kufa, wote wakaandika kwenye skrini na kusubiri. Askari wakapunguzwa. Wafungwa wakazidi, wakalala wawili katika selo ya mmoja. Na sasa, upande wa mashariki wa ukuta, lilikuwa likijengwa jengo ambalo milango yake yote ingefunguliwa na mtu mmoja aliyeketi mbele ya skrini, asiyesikia hata harufu ya supu inayoungua.

"Kila mkuu huja na neno lake," Arja alipenda kusema kwenye chumba cha kupumzikia askari. "Neno jipya linawekwa juu ya la zamani. Hakuna linaloondolewa."

Ndiyo maana alikuwa amechoka. Alitakiwa alinde kama zamani, asikilize kama juzi, na ajaze kompyuta kama leo, yote katika zamu ileile, kwa magoti yaleyale ambayo sasa yalijua baridi inakuja kabla ya mtu wa redio kuitangaza.

Kilichombakizia hamu ya kuamka ni kikosi cha kuni. Gereza lilikuwa na kipande chake cha msitu ng'ambo ya ziwa, na kuni za humo zilipasha moto sauna, yaani bafu la mvuke, ya wafungwa pamoja na majiko ya wazee wachache wa mjini waliokataa kuhama nyumba zao. Zamani kikosi kilikuwa na wafungwa sita na askari wawili. Mwaka ule kilibaki na wafungwa wawili na Arja.

Wa kwanza aliitwa Kalevi, mzee mwizi wa maboti, aliyekuwa ametoka na kurudi gerezani mara nyingi kiasi kwamba alimkumbuka Arja akiwa na nywele ndefu. Wa pili alikuwa Ilpo Räihä, fundi seremala, mtu wa mikono mipana na maneno machache. Ilpo alikuwa amemuua shemeji yake, Martti, kwenye sikukuu ya katikati ya kiangazi, wakiwa wamelewa wote wawili, juu ya gati dogo la mbao alilolijenga mwenyewe. Alimuua kwa kisu. Asubuhi aliamka akaenda kuwasha moto wa kahawa, hakumbuki kitu, ndipo akaona gati. Hiyo ilikuwa miaka kumi na mitatu iliyopita.

Siku ya Alhamisi bodi ya magereza ingekaa kuamua kama Ilpo ahamishiwe gereza la wazi, kule pwani, ambako wafungwa hukarabati nyumba za zamani za mbao na kila mmoja ana ufunguo wa chumba chake. Kutoka huko hadi nyumbani kwa mama yake, Aune, ni safari fupi ya basi, na Jumapili angeruhusiwa kwenda. Mama huyo alikuwa amezeeka mno kusafiri hadi Korpivaara. Ilikuwa mwaka wa nne hawajaonana. Ilpo alikuwa amekwisha kumwambia kwa simu kwamba Oktoba anakuja kumtazamia paa.

Siku iliyoharibu mambo ilikuwa Jumatatu. Usiku umande ulikuwa umeganda, na msitu uliwaka rangi ya njano na nyekundu kama vile kuna mtu ameusahau kwenye moto. Arja aliegesha gari kwenye uwazi walikozoea, akatoa mashoka na msumeno wa mashine, akavaa mkanda wake wenye kisu. Kisu hakikuruhusiwa kupita lango la gereza. Kiliishi kwenye kisanduku cha gari hilo la msituni, nje ya ukuta. Baba yake alimpa kisu cha kwanza mwaka alioanza shule, kama wazazi wote wa kule walivyofanya, na tangu hapo hakuwahi kuingia msituni kiuno kitupu. Alikivaa bila kufikiri, jinsi mtu anavyovaa kofia.

"Afande, leo unatembea kama bibi harusi wa miaka tisini," Kalevi alisema.

"Na wewe unapasua kuni kama unazibembeleza."

"Nazibembeleza kweli. Zimenikosea nini?"

Ilpo aliweka gogo jingine. Alipasua. Shoka lilipanda na kushuka kwa mwendo mmoja, na vipande viliangukia kushoto na kulia vikiwa sawasawa. Arja alipenda kumtazama akifanya kazi. Hakuwahi kumwambia.

Mchana waliwasha moto. Arja alitundika birika jeusi la kahawa juu ya mwali, akatoa soseji, haradali na mkate mweusi, kisha akakata tawi ili achonge vijiti vya kuchomea soseji. Alikuwa amechonga nusu ya kijiti cha kwanza wakati birika lilipofoka. Kahawa ilimwagikia motoni, jivu likaruka.

"Shika," alisema, akampa kijiti na kisu mtu aliyekuwa karibu. Alikitoa kwa mpini, jinsi alivyofundishwa utotoni, akaruka kuokoa birika.

Alikuwa amepiga magoti, glovu ikifuka moshi, ndipo akili ilipotambua mkono ulichofanya. Akageuka taratibu.

Ilpo alikuwa ameketi kwenye gogo, kijiti mkono mmoja, kisu mkono mwingine. Hakuna mtu wa kule ambaye angepewa kisu na kijiti kilichochongwa nusu asimalizie. Alimalizia. Alivuta mara mbili, tatu, na maganda membamba yakajikunja na kuanguka kati ya viatu vyake. Ncha ikatoka nzuri kupita ambavyo Arja angeitoa. Akampa Kalevi kijiti. Kisha akabaki akitazama kisu.

Kalevi aliacha kutafuna mkate wake.

Juu, kwenye barabara ya msituni, gari liliunguruma. Alikuwa Otso, askari kijana aliyetumwa na trela kuchukua kuni, na alikuwa amewahi kuliko walivyomtarajia. Arja alilisikia gari likipita kwenda kugeuza kule mbele kwenye njia panda. Trela ile haikugeuka upesi.

Ilpo alisimama. Akakichoma kisu kwenye gogo la kupasulia, akafuta kiganja chake kwenye suruali, mara ya kwanza, mara ya pili, kwa nguvu, kama mtu aliyeshika utomvu. Halafu akaingia katikati ya misonobari bila kumwambia mtu anakwenda wapi.

"Afande," Kalevi alisema kwa sauti ndogo.

"Nimeona."

"Utabonyeza?"

Redio ilikuwa kifuani mwake, na kitufe chekundu cha hatari kilikuwa chini ya kidole gumba. Kanuni haikuwa na mashaka: mfungwa akitoka machoni bila ruhusa, bonyeza. Ndani ya muda mfupi pangekuwa na polisi, na mbwa, na barabara kuu ingefungwa.

"Kula soseji yako," Arja alisema.

"Bado mbichi."

"Basi ichome."

Alimimina kahawa vikombe vitatu. Kidole hakikutoka kwenye kitufe. Nyuma ya misonobari kulikuwa na kinamasi, na nyuma ya kinamasi barabara ambayo malori ya mbao hupita mchana kutwa. Mtu mwenye miguu mizima angefika bila shida. Kisha sauti ikatoka mitini. Kwanza ilikuwa kama kikohozi. Halafu haikuwa kikohozi. Ilikuwa sauti nzito, ya kukwama, kama kitu kinachong'olewa ardhini na mizizi yake. Kalevi akauinamia moto, akawa anakigeuza kile kijiti kana kwamba soseji ile ndiyo iliyobaki duniani. Arja naye aliutazama moto. Walikaa hivyo wawili, kila mmoja akijitahidi kutosikia.

Ilpo aliporudi, magoti yake yalikuwa yamelowa na uso umewambwa. Akaketi mahali pake. Akachukua kikombe.

"Imepoa," alisema.

"Niimwage, nikumiminie nyingine?"

"Hapana. Inanyweka."

Kalevi hakuvumilia ukimya. Hakuwahi kuuvumilia. "Mimi kuna kitu sikielewi," alisema. "Asubuhi yote nimeshika shoka hili, naweza kumtenganisha fahali na kichwa chake, na afande ananisifu. Lakini nikishika kisu cha kupakia siagi, king'ora. Nani katunga?"

"Watu wenye ofisi," Arja alisema.

"Shoka ni kifaa," Ilpo alisema. "Kisu ni silaha. Imeandikwa ukutani kwenye karakana." Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote kwa siku hiyo.

Otso aliposhuka kutoka barabarani waliketi watatu wakinywa kahawa, na kisu kimesimama kwenye gogo. Alikikodolea macho. Alikuwa kijana mpole, mwenye ndevu chache alizozitunza sana, aliyesomea chuo, na Arja hakuwahi kumchukia.

"Dada Arja. Tuongee pembeni."

Wakasogea kwenye trela.

"Nilikiona mkononi mwake," Otso alisema. "Kutoka kwenye gari. Ulikuwa umempa mgongo."

"Nilimpa mimi."

"Ulimpa? Ilpo? Kwa makusudi?"

"Birika lilikuwa linamwagika."

Otso alimtazama akitafuta mzaha. Hakuupata. "Lazima niseme. Unajua lazima."

"Sema. Ungenyamaza ningekushtaki wewe kwa kunyamaza."

"Na baadaye? Kuna kingine kilichotokea?"

Arja alifunga mnyororo wa trela, akaukaza. "Tulikunywa kahawa," alisema.

Haikumjia kwamba anaficha. La kisu lilikuwa kosa lake, na alikuwa tayari kulibeba. La mitini lilikuwa la Ilpo. Mtu akivunjika, unamwachia kivuli cha kuvunjikia, na baadaye humwangalii kwa namna ya kumkumbusha. Hivyo ndivyo alivyolelewa. Kwake hiyo ilikuwa heshima kubwa kuliko zote, na katika miaka yake yote ya kazi, chini ya wakuu wote na maneno yao, hakuna aliyewahi kumfundisha vinginevyo, au kama alimfundisha, halikuingia.

Asubuhi ya pili Ilpo alimsimamisha koridoni, akiwa amebeba ndoo ya kudekia.

"Arja. Nataka kuzungumza na mkuu."

"Kuhusu nini? Kisu ni changu. Nitamwambia leo mchana, amenipangia saa. Wewe huna kosa."

"Si kisu. Ni kule—"

"Ilpo, acha." Alimgusa kiwiko, jambo asilolifanya. "Hakuna aliyeona kitu. Nenda kapige deki."

Ilpo aliihamisha ndoo mkono wa pili, akaenda. Arja akaendelea na zamu akiona amemtendea wema.

Mkuu wa gereza aliitwa Maarit Valtanen. Alikuwa ametoka wizarani huko kusini miaka miwili nyuma akiwa na mipango mingi, na sasa alikuwa na rangi ya mtu anayekula chakula cha mchana akiwa amesimama. Dirisha lake lilitazama jengo jipya. Mvua ilikuwa imeanza, na mafundi walikuwa wakifunika zege kwa maturubai.

"Otso ameniambia alichokiona," Maarit alisema. "Niambie na wewe."

Arja akamwambia. Birika, kijiti, mpini. Hakujitetea.

"Utapata onyo. Unalijua hilo."

"Nalijua."

"Na yeye alifanya nini alipokuwa nacho?"

"Alimaliza kijiti. Akampa Kalevi. Akakichoma kisu kwenye gogo."

"Halafu?"

"Halafu tukanywa kahawa."

Maarit hakuandika. Aliweka kalamu chini, akayafikicha macho kwa vidole viwili, na Arja akajua, kabla hajasikia, kwamba kuna kitu kimeanguka.

"Ilpo alikuwa hapa asubuhi," Maarit alisema. "Aliketi hapo ulipoketi wewe. Ameniambia aliingia msituni bila ruhusa na kulia kama mtoto. Maneno yake hayo. Ameniambia alikuwa hajashika kisu tangu siku ile, na mkono wake ulikikumbuka. Ameniambia hukubonyeza."

Nje turubai lilipigwa na upepo, likatoa mlio, likatulia.

"Sasa nina watu wawili na maneno mawili," Maarit alisema.

"Yake ni ya kweli."

"Na yako?"

"Yangu ni pungufu."

"Arja, nikueleze inavyoonekana kutoka kwenye kiti hiki. Neno lake peke yake ningelipeleka bodi Alhamisi na kulisema kwa fahari. Mtu ameketi na mwanasaikolojia wetu miaka yote hiyo akitazama viatu vyake, leo amesema. Lakini sasa mtu wa usalama kwenye bodi ataniuliza kwa nini askari mzoefu amekataa kusema alichokiona. Ataniuliza mfungwa huyu ana nini juu yake. Amemtishia? Kuna mapenzi? Anamwingizia vitu? Hataulizia tena kulia. Ataulizia wewe na yeye."

Arja alisogeza kiti nyuma kidogo. Katika umri wake wote hakuna aliyewahi kumuuliza swali la namna hiyo, na hata sasa hakuulizwa. Aliambiwa tu kwamba lipo njiani.

"Hana kitu juu yangu," alisema.

"Mimi naamini. Basi nisaidie. Niulize tena?"

"Uliza."

"Kwa nini hukubonyeza?"

Jibu alikuwa nalo, tayari, zuri. Kwa sababu nilijua atarudi. Lilikuwa jibu ambalo mkuu yule wa zamani, wa kahawa na karata, angelipenda sana. Lilimfika kwenye meno. Akalitazama, akaona si kweli.

"Sikujua kama atarudi," alisema. "Nataka kusema nilijua, lakini sikujua. Nilimsikia analia. Niliwaza mbwa, na polisi, na Ilpo kalazwa kwenye matope na goti la mtu mgongoni, kwa sababu ya kulia. Nikawaza na kazi yote itakayofuata, maelezo, simu, wiki nzima. Nilichoka, Maarit. Nilichoka hata kabla sijabonyeza. Nikasema moyoni, akienda na aende. Nikamimina kahawa. Ilikuwa kumhurumia, na ilikuwa uchovu. Sijui kipi kilikuwa kikubwa."

Maarit aliichukua kalamu, akaandika mstari mmoja.

"Na kwa nini hukuniambia nilipouliza mara ya kwanza?"

"Kwa sababu ni mambo yake."

"Hapa ndani," Maarit alisema, na sauti yake haikuwa na ukali wowote, "hawana mambo yao. Ndicho tulichowanyang'anya. Nitaisema yote mbele ya bodi, kama ulivyosema. Na nitakutoa msituni. Siwezi kukuacha kule."

"Najua."

"Sina wa kumweka badala yako. Kwa hiyo kikosi nacho kimekwisha. Kuni zitaletwa na mtu wa nje."

Arja alisimama kwa kujisukuma na mikono ya kiti. Mlangoni alitaka kusema neno kuhusu Kalevi, kwamba bila msitu mzee yule ataanza tena kugombana na watu wa jikoni, lakini Maarit alikuwa amekwisha kuinua simu.

Alhamisi bodi iliamua. Haikukataa. Ilisema jambo la Ilpo liangaliwe tena majira ya kuchipua, na kwa sasa aendelee kumwona mwanasaikolojia, ambaye huja Korpivaara kwa wiki mara moja pale barabara inapopitika. Uamuzi ulipelekwa kwenye kompyuta ya selo yake, kama utaratibu ulivyo.

Arja hakuwa na kazi upande ule alasiri hiyo. Alikwenda. Alimkuta Ilpo kwenye jiko dogo la koridoni, amesimama mbele ya mashine ya kahawa isiyowashwa.

"Umesoma," Arja alisema.

"Nimesoma."

"Nilitaka kukuambia mwenyewe."

"Umechelewa. Kile kidude kina mbio kuliko wewe." Hakugeuka. "Miaka yote mmenikalia: sema, Ilpo, sema unachohisi, usikifungie. Kwenye kundi, kwenye karatasi, kwenye skrini. Juzi nikasema. Kwa mara ya kwanza nikaenda mwenyewe, hakuna aliyenisukuma. Unaona nilichopata."

"Si kwa sababu ulisema. Ni kwa sababu mimi nilinyamaza. Maneno yetu hayakulingana, wakaogopa."

Sasa akageuka. Alikuwa na uso wa mtu aliyekosa usingizi, na hasira yake ilikuwa imechoka hata kabla ya kuanza.

"Ulinyamaza kwa nini?"

Arja aliketi. Magoti hayakumpa hiari. "Baba yangu alilia mara moja tu maishani, ninavyojua. Siku tuliyomzika mama. Aliingia kwenye banda la kuni akafunga mlango. Tulikuwa watoto watano mezani, na ukuta ulikuwa mwembamba. Kaka yangu mkubwa akasema, nipitishieni viazi. Tukapitishiana viazi. Aliporudi tukamwachia nafasi yake mezani, na mpaka anakufa hakuna aliyewahi kutaja. Nilidhani hivyo ndivyo mtu anavyotunzwa."

Ilpo alitafakari hilo. Mikono yake mipana ilikuwa juu ya meza, haina kazi.

"Kwetu pia," alisema hatimaye. "Mimi na Martti tulivua samaki pamoja tangu nilipomwoa dada yake. Mtumbwi mmoja. Alikuwa na jambo na mimi nilikuwa na jambo, kila mmoja analijua la mwenzake, tunatazama maji. Miaka. Ukiniuliza leo siwezi kukuambia siku ile tulianza kugombania nini. Naweza kukuambia tu kwamba hatukuwa tumezoea kusema, kwa hiyo tulipoanza hatukujua pa kuishia."

Mtu alipita koridoni na taulo begani, akawatazama, akaenda zake.

"Wamekutoa msituni?" Ilpo aliuliza.

"Jumatatu naanza chumba cha skrini."

"Pole."

"Pole na wewe."

"Mama bado hajui," Ilpo alisema. "Amemwambia jirani alete ngazi. Anasema ngazi ipo imelala ukutani inanisubiri mimi na paa." Alitazama simu ya koridoni. "Tangu asubuhi nainua naweka chini."

Arja alijua alichopaswa kufanya: kuinuka, kumwachia koridoni peke yake, kwenda kusimama mbali akitazama dirishani. Alikuwa amekwisha kushika ukingo wa meza ili ainuke.

"Kaa," Ilpo alisema. "Nikiwa peke yangu sitapiga."

Akakaa. Ilpo akapiga. Simu iliita kwa muda, maana kikongwe yule alitoka mbali, kutoka jikoni, kwa kushikilia samani. Kisha sauti yake ikatoka kubwa, ya mtu asiyesikia vizuri, na Arja akasikia kila neno.

"Nani?"

"Ni mimi, mama. Oktoba siji."

"Huji?"

"Siji. Wameahirisha mpaka majira ya kuchipua."

"Umepigana?"

"Sijapigana na mtu. Nilishika kisu. Cha kuchongea kijiti tu, mama, tulikuwa tunachoma soseji. Halafu nikaingia msituni nikalia."

Arja hakutazama dirishani. Alimtazama Ilpo, na Ilpo akamtazama, na haikuwa rahisi kwa yeyote kati yao.

"Unakula?" mama aliuliza.

"Nakula."

"Kuna nani hapo? Nasikia mtu anapumua."

"Askari. Arja. Ndiye aliyenipa kisu."

"Mpe simu."

Ilpo alisita, akanyoosha mkono. Kamba ya simu ilikuwa fupi, ikambidi Arja ainuke na kusogea hadi ukutani, karibu naye kuliko kanuni inavyoruhusu.

"Mama Aune, mimi Arja Hyttinen. Kosa ni langu. Nilimpa kisu bila kufikiri, na baadaye sikusema yote. Ndiyo maana wameahirisha."

Kikongwe hakujibu hilo. Huenda hakulisikia, au huenda halikuwa alilokuwa akitaka.

"Alilia kweli?" aliuliza.

"Alilia."

"Ulimwona?"

"Nilimsikia."

"Mimi sijawahi," Aune alisema. "Hata akiwa mdogo. Hata kule mahakamani. Nilikuwa nikidhani hana machozi." Alipumua, pumzi ndefu yenye mkwaruzo. "Ilikuwaje?"

Arja aliegemea ukuta. Kengele ya kufungia selo ilikuwa karibu kulia, na angepaswa kuwa lango la pili. Ilpo alikuwa amesimama kando yake ameinamisha kichwa, anasikiliza, hakuondoka.

"Ilikuwa ndefu," Arja alisema, akianza kutafuta maneno. "Ilianza kama kikohozi."